Nilivyoipanga safari ya Rapa Nui kwa pasipoti ya Tanzania

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini Tanga, kwa hiyo makaratasi hayanitishi. Nalisema hili mapema kwa sababu safari ya Rapa Nui, kwa mtu anayetokea kwetu, haikwami kwa sababu ya umbali wala bahari. Inakwama kwenye makaratasi. Pesa nayo ina sehemu yake, lakini pesa unaweza kuidunduliza taratibu. Karatasi moja ikikosekana, umebaki hapo hapo uwanja wa ndege.

Rapa Nui ndicho kile Kisiwa cha Pasaka, kilichopewa jina hilo na Mholanzi Jacob Roggeveen aliyekifikia siku ya Pasaka mwaka 1722. Ni kilomita za mraba 163 hivi katikati ya Pasifiki. Wenyeji wake ni Wapolinesia, ila kisiwa kiko chini ya Chile, iliyo kilomita zipatazo 3,700 upande wa mashariki. Mama yangu alipopata habari aliniuliza, "Baba, huko unafuata nini?" Nikamwambia nafuata mawe, yale masanamu makubwa yaliyochongwa na wazee wa kule. "Mawe? Ya mapango ya Amboni umeyamaliza?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Nilitaka kwenda, basi.

Bandarini, mzigo ukiwa na hati nyingi, kwanza unatafuta ile hati inayozishika nyingine zote. Kwa Rapa Nui hati hiyo ni malazi. Sheria ya Chile namba 21.070, iliyoanza kutumika Agosti 2018, inampa mgeni siku 30 tu za kukaa kisiwani, na kabla hajapanda ndege anatakiwa awe na tiketi ya kwenda na kurudi, fomu ya kuingia kisiwani ambayo hujazwa mtandaoni, na uthibitisho wa mahali atakapofikia. Na si kufikia popote. Nyumba iwe imesajiliwa na SERNATUR, idara ya utalii ya Chile, au uwe na barua ya mwaliko kutoka kwa mkazi. Hata Mchile wa Santiago anabanwa na sheria hiyo hiyo. Wapo wanaoilalamikia, mimi naona wenyeji wana haki. Sensa ya 2017 ilihesabu watu wasiofika 8,000 pale, na kila kopo linaloingia kwa meli halina pa kutupwa likishakwisha.

Kwa hiyo kabla ya kugusa tiketi au viza niliandikia nyumba za wageni za Hanga Roa, mji pekee wa kisiwani. Barua zangu zilikuwa za Kihispania cha kutafsiriwa na simu, lakini zilieleweka. Swali la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa hili: mmesajiliwa, na mtanipa uthibitisho wenye jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti? Walioanza kwa kudai malipo kabla ya kujibu niliachana nao. Mama mmoja mwenye nyumba alinijibu kwa mistari miwili, akaambatanisha uthibitisho, akauliza ndege yangu inatua saa ngapi ili aje kunipokea. Hapo nikajua nimepata.

Uthibitisho ule ndio ulionibeba hadi kwenye viza. Chile inatutaka viza sisi wa pasipoti ya Tanzania, na ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi. Waliyotaka ni yale yale ya balozi nyingi: taarifa za benki, barua ya mwajiri inayosema una likizo na utarudi kazini, mpango wa safari, na mahali pa kulala kwa kila usiku. Niliandika mpango wangu usiku kwa usiku, Santiago na kisiwani, usibaki mwanya wa kuulizwa "na hapa je?" Taarifa ya benki nilihakikisha inaonyesha mshahara ukiingia mwezi hadi mwezi. Fungu kubwa linalotua ghafla wiki moja kabla ya maombi linazua maswali, hata kama ni pesa yako halali ya upatu.

Tiketi nilikata mbili, kwa makusudi. Ya kwanza ilikuwa kutoka Dar kupitia Addis Ababa na São Paulo mpaka Santiago, yote kwenye tiketi moja, ili begi lipite moja kwa moja na mimi nisilazimike kutoka nje ya uwanja Brazili. Ya pili ilikuwa Santiago hadi kisiwani na LATAM, ambalo ndilo shirika linaloruka njia hiyo. Katikati niliacha nafasi ya kutosha, na wakati wa kurudi nikaacha kubwa zaidi. Hakuna shirika la pili la kukimbilia ndege ikiahirishwa, na kisiwa kina uwanja mmoja tu. Mtu aliyeunganisha ndege ya kisiwani na ya kurudi nyumbani siku ile ile anacheza kamari.

Santiago kuna kizingiti kingine ambacho wengi hawakitarajii, nacho ni ukaguzi wa vyakula. Chile wanalinda mashamba yao kwa ukali. Kila chenye asili ya mmea au mnyama unakitaja kwenye fomu, na ukificha tunda moja unaweza kupigwa faini. Nilikuwa na pakiti ya viungo vya chai, imefungwa kiwandani. Nikaiandika, afisa akaigeuza pande zote mbili, akanirudishia. Chai ile niliinywa kisiwani kila alfajiri, kwa hiyo usihofu kubeba, taja tu.

Siku hiyo Santiago niliitumia sokoni. Mwenye nyumba alikuwa ameniambia ana jiko la wageni, na kisiwani karibu kila kisicholimwa au kuvuliwa pale kinakuja kwa meli au ndege, na bei yake inalingana na safari hiyo. Nikajaza begi mchele, dengu na mafuta kidogo. Mtu wa Tanga hawezi kushindwa kuishi kwa wali na samaki. Jodari kule ni wengi, wanawauza hadi ndani ya empanada, chukulia sambusa kubwa kama kiganja. Suala la nyama ya kuchinjwa likaisha lenyewe, sikuigusa.

Ndege ya kisiwani ni ya ndani ya nchi, lakini kabla ya kupanda unapita kwenye dawati la polisi. Binti aliyekaa pale alisoma fomu yangu, akalinganisha jina na pasipoti, akatafuta nyumba niliyoandika. Nyuma yangu kulikuwa na vijana waliotolewa pembeni wakipekua simu zao kutafuta barua ya mwenyeji. Mimi zangu zilikuwa zimechapwa, zimepangwa kwa mfuatano wa kuulizwa. Ugonjwa wa kazini huo.

Safari ni saa tano hivi juu ya maji matupu.

Kisiwani kuna tiketi moja zaidi, ya hifadhi. Hifadhi inaendeshwa na Ma'u Henua, jumuiya ya Warapanui wenyewe, na mgeni wa nje nilipokwenda alilipa dola 80. Inatumika siku 10, lakini kuna mahali pawili unaingia mara moja tu: Orongo, kijiji cha mawe ukingoni mwa volkano, na Rano Raraku, mlima walikochongea sanamu. Sehemu nyingi huruhusiwi kuingia bila mwongozaji mwenyeji. Kwa hiyo siku zangu nilizipanga kwa kuangalia mawingu. Mvua kule hushuka ghafla na kuondoka ghafla, na sikutaka kuitupa nafasi yangu ya Rano Raraku kwenye ukungu. Nilikubaliana na mwongozaji kwamba ataniambia usiku uliotangulia.

Aliniambia. Tulipanda njia yenye majani makavu, na mawe yakaanza kujitokeza moja moja, mengine yamefukiwa hadi kidevuni. Karibu sanamu 400 zimebaki pale mlimani. Iliyo kubwa kuliko zote, ya mita 21 hivi, bado imelala mwambani. Wamechonga uso, pua na kifua, wameanza kuchimba mfereji wa pembeni ili waitenge na mlima, kisha kazi ikakoma. Unaziona alama za tindo za jiwe, fupi fupi, kana kwamba fundi amekwenda kunywa maji. Sanamu nyingine zina weusi wa moto uliopita hapo Oktoba 2022.

Tongariki tulikwenda kabla ya jua kuchomoza. Sanamu 15 zimesimama kwenye jukwaa moja, mgongo kwa bahari. Wimbi la tsunami la 1960 lilizisomba kuelekea ndani ya kisiwa, zikarudishwa mahali pake miaka ya 1990 kwa winchi iliyotoka Japani. Nilikaa zaidi kwenye habari ya ile winchi kuliko wenzangu wote, mwongozaji akaniuliza kama mimi ni mhandisi.

Kilichonivutia bila kukitarajia ni bustani. Upepo wa kule haupumziki, kwa hiyo wazee wao walijenga kuta za mawe za mviringo, manavai, na humo ndani wakapanda magimbi na migomba. Nilisimama juu ya ukuta mmoja nikaona majani ya magimbi mapana, mabichi, yametulia kabisa, wakati shati langu linapepea kama tanga.

Mengine madogo. Soketi zao si kama zetu za pini tatu bapa, chukua adapta. Sarafu ni peso ya Chile, ingawa dola hupokelewa sehemu nyingi. Bima iwe ya kukutoa kisiwani, maana hospitali ipo lakini kesi nzito hupelekwa bara kwa ndege. Baridi ya Oktoba usiku inataka sweta. Na ndugu zangu mlioko Muscat au Ulaya mnaoniuliza kuhusu Nairobi: ulizeni kwanza ubalozi wa Chile unaohudumia huko mnakoishi, kwa kibali chenu cha ukaazi, kabla ya kufikiria kurudi nyumbani kuombea viza.