Siku Moja Maishani Mwangu: Injini ya Mvuke Uani Kwetu Tororo

Saa 11:30 alfajiri

Niliamka kabla ya adhana, nikatoka uani na tochi kuitazama boila kana kwamba ingeweza kutoroka usiku. Kazi inayonilisha ni kuchomelea milango, madirisha na kerea za pikipiki. Kazi inayoninyima usingizi ni injini ya mvuke ambayo nimekuwa nikiiunda kwa miezi 14, kipande baada ya kipande, kwa vyuma chakavu. Wapita njia huona bomba nene lililolazwa juu ya jiko la matofali, likiwa na vijibomba vinavyochomoza juu yake, na kwa kuwa hapa Uganda chombo cha namna hiyo kina matumizi mamoja tu yanayojulikana, wengi wamekwisha kukata shauri kwamba ninapika waragi, pombe kali ya kienyeji. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, amekuja mara mbili kunusa.

Marehemu baba yangu alikuwa fita wa reli, na mtaa wetu ni mtaa wa watu wa reli. Ndiyo maana Mjapadhola, Mteso na Msamia tumekua pamoja tukisemezana Kiswahili. Tororo ndipo njia inayotoka Malaba inapogawanyika, moja ikielekea Jinja na Kampala, nyingine ikipanda Mbale na Soroti hadi Gulu na Pakwach. Nilizaliwa nikiwa nimechelewa, kwa maana injini za mvuke zilikwisha kuondoka, zikabaki katika mazungumzo ya wazee. Injini ninayoiunda haitavuta behewa hata moja, nami sijawahi kumdanganya mtu kwamba itavuta.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeipanga kwa mambo mawili: kuijaribu boila kwa maji baridi, na Mungu akipenda, kuwasha moto wa kwanza.

Saa 1 asubuhi

Mpwa wangu, ambaye anajifunza ufundi kwangu wakati wa likizo, alinisindikiza kwa muuza vyuma chakavu. Kwa mizani chuma ni chuma, lakini fundi haangalii uzito, anaangalia kitu kilikuwa nini kabla hakijatupwa. Silinda yangu ilikuwa mwili wa jeki ya lori, wenye kipenyo cha milimita 50 kwa ndani na uliong'aa kama kikombe. Shafti ni ekseli ya gari dogo. Gurudumu zito la kuhifadhi mwendo ni puli ya mashine ya kusagia posho iliyopasuka ukingo mmoja, nikaiziba na kuisawazisha kwa wiki nzima. Boila yenyewe ni kipande cha bomba la chuma kisicho na mshono, kipana inchi 6, ambacho unene wake ni milimita 8. Bomba lililopakwa zinki silitumii hata nikipewa bure, kwa sababu ukilichomelea moshi wake mweupe hukulaza kitandani kwa homa.

Asubuhi hiyo tulitafuta kijibomba cha shaba nyekundu kutoka friji bovu, tukakipata. Kijana mmoja alitufuata pembeni akatufungulia gunia lenye bolti nene na vibati vya kuungia reli. Nilimwambia akavirudishe alikovitoa. Watu wakisikia kwamba ninanunua vyuma chakavu hudhani kwamba ninanunua chochote, na sitaki baba yangu anitokee ndotoni akiuliza habari za reli yake.

Saa 3

Nilimaliza fremu mbili za madirisha, mteja akazichukua, akalipa.

Kuanzia hapo hadi karibu saa 5 nilikuwa nimeinama juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Ni valvu ya kuteleza, kijisanduku cha shaba ya njano kinachokwenda mbele na nyuma juu ya matundu matatu: la mwanzo hupeleka mvuke upande mmoja wa pistoni, la mwisho huupeleka upande wa pili, na la katikati huutoa nje mvuke uliokwisha kufanya kazi. Uso wa kijisanduku na uso unaokutana nao usipolala sawasawa, mvuke hupita chini yake na injini husimama ikilia kama paka. Nilibandika msasa namba 600 juu ya kioo kinene cha meza, nikaulowesha, nikawa naisugua valvu kwa kuchora tarakimu ya nane, bila kukandamiza. Kila baada ya muda nilipaka wino wa muhuri kwenye uso wa silinda, nikaiweka valvu, nikaisogeza kidogo, nikaigeuza kutazama. Mwanzoni wino ulishika pembe mbili tu. Baada ya saa nzima ulishika pande zote isipokuwa alama ndogo kama punje ya ulezi, na punje hiyo ilinichukua dakika 40.

Mpwa wangu alikuwa akinifagilia vumbi. Aliniuliza kama ni kweli kwamba James Watt aligundua mvuke kwa kutazama birika. Nilimwambia kwamba injini ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini huko Uingereza tangu mwaka 1712, kabla Watt hajazaliwa, na kwamba alichofanya Watt, akapata hataza yake mwaka 1769, ni kuupoozea mvuke katika chombo cha pembeni ili silinda isipoe na kupashwa upya kila mara. "Kwa hiyo alirekebisha cha mwenzake, Mjomba?" Ndiyo, kama sisi.

Saa 5

Boila hujaribiwa kwa maji baridi, nami ningependa kila anayechezea mvuke alijue jambo hili kabla ya kujua jambo lingine lolote. Maji hayakubali kubanwa. Ukiijaza boila mpaka hewa yote itoke, kisha ukaisukuma kwa pampu, chuma kikishindwa kitapasua ufa, maji yatamwagika na utalowa, basi. Mvuke ni jambo jingine: lita moja ya maji ikiwa mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na chombo kikipasuka sehemu ya maji yenye moto mkali hugeuka mvuke na kuidai nafasi yake kwa mara moja. Mimi nilikusudia kufanya kazi kwa pauni 30 kwa inchi ya mraba. Basi jaribio lilikuwa pauni 60 kwa nusu saa, geji isishuke.

Nilisukuma hadi 60 kwa pampu ya mkono niliyoitoa kwenye jeki, nikatazama saa. Dakika ya 11 geti lilisukumwa.

Huyu bwana alikuwa ameagiza mlango wa chuma wiki tatu zilizopita, akalipa nusu. Hakutaka niende kupima. Alikuja na kamba ya nailoni yenye mafundo mawili, akasema urefu ni huo na nisimwongezee gharama ya usafiri. Sasa alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Fundi, mlango wako umepungua."

Nilimsalimu, nikamkaribisha kiti, nikamwomba asubiri dakika 19. Hakuketi. Alieleza kwamba juu ya mlango imebaki nafasi ya vidole viwili, kwamba popo wameingia, kwamba mke wake amemcheka, kwamba yeye ni mtu anayeheshimika. Nilikwenda kuileta kamba yake, ambayo nilikuwa nimeitundika msumarini kwa sababu nimeshawahi kuumwa na nyoka wa aina hii. Nikailaza juu ya fremu nyingine ya urefu uleule: fundo kwa fundo, sawasawa. Kisha nikamwomba ashike ncha moja, nami nikavuta ya pili kwa nguvu. Kamba ikarefuka inchi mbili.

"Mzee wangu, ulipopima uliivuta. Mimi nilipopima ilikuwa imelegea."

"Kwa hiyo kosa ni la kamba?"

"Sikusema ni la kamba."

Hapo alitafuta pa kupumzikia. Aliketi kwenye benchi la jiriwa, akanyosha mguu, akauegemeza juu ya mpini wa pampu, na uzito wote wa mguu wa mtu mzima anayeheshimika ukaingia ndani ya boila yangu. Geji ilipanda 65, 70, 80. Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Yeye aliruka, akaliangalia lile bomba kwa mara ya kwanza, akavuta hewa puani na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na hii waragi inakuwa tayari lini?"

Tulibishana hadi adhana ya adhuhuri. Mwisho tulikubaliana kwamba nitaongeza bati la inchi mbili juu kwa fedha yangu, naye atalipa salio lote. Alilipa robo, akaahidi iliyobaki Jumatatu. Sikumwambia kwamba alikuwa amenisaidia. Kwa pauni 60 boila ilikuwa kavu kabisa, lakini mguu wake ulipoifikisha 80, tone moja la maji lilijitokeza kwenye mshono wa sahani ya nyuma, likakua polepole, likadondoka.

Mchana

Tone moja maana yake ni kumwaga maji yote, kuligeuza lile bomba zito, kuusaga mshono kwa grenda hadi kitundu kionekane, na kuchomelea upya. Nilisaga. Nilipoishika elektrodi, umeme ukakatika. Nilikula posho na maharage yaliyopoa, nikalala kwenye gunia, nikaamka jasho limenigandisha kwenye hilo gunia, umeme haujarudi. Mke wangu alipita na ndoo akaniuliza kama mlango umelipiwa. Nilijibu kwamba umelipiwa kidogo. Aliniangalia, akaitazama boila, akaendelea na ndoo yake. Sitamlaumu, kwa maana miezi 14 ni mingi, na kitu kile hakijatupikia hata chai.

Umeme ulirudi, sikumbuki saa ngapi. Nilichomelea, nikangoja chuma kipoe chenyewe kwa sababu ukikimwagia maji mshono hukakamaa na kuvunjika, tukaijaza tena, tukasukuma tena, na safari hii geti tulilifunga kwa komeo. Nusu saa nzima nilikaa nikiutazama mshale. Haukutikisika. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha, na vidole vya mkono wa kulia havikukunjuka vizuri tangu ile valvu.

Jioni

Ningeweza kuahirisha. Nilifunga kile kijibomba cha shaba kati ya boila na geji, nikiwa nimekipinda kama mkia wa kinyonga ili maji yabaki ndani ya mzunguko wake na mvuke usiiunguze geji. Nilikagua valvu ya usalama, inayofunguka kwa pauni 35, na kizibo cha risasi kilicho juu ya moto, ambacho huyeyuka maji yakipungua mno na kuuzima moto kabla chuma hakijaharibika. Kisha tukawasha kuni.

Kwa mwinuko wetu wa Tororo maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 96 hivi, lakini ndani ya chombo kilichofungwa hayakomei hapo. Kwa pauni 30 yanapita 130. Ilichukua karibu saa nzima. Mwamba wa Tororo ulikuwa umegeuka mweusi nyuma ya nyumba mshale ulipofika 30, nguvu ambayo kwa pistoni yangu ni kama kuisukuma kwa uzito wa kilo 40. Nilifungua vijibomba vya chini ya silinda ili maji yaliyotokana na mvuke uliopoa yatoke, nikalizungusha gurudumu kwa mkono mara tano, silinda ikakohoa na kututemea mimi na mpwa wangu maji ya kutu. Mara ya sita gurudumu liliuacha mkono wangu.

Lilizunguka. Mpwa wangu alicheka mpaka akaketi chini. Watoto wa jirani walipanda ukutani, na mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni bila kusema neno, lakini hakurudi ndani.

Aliyekuja wa mwisho ni mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa fayamani, mchochea moto wa gari moshi, kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977. Haoni vizuri siku hizi. Alisimama getini ameegemea mkongojo, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inachechemea."

Nilisikiliza. Pumzi mbili kwa kila mzunguko, moja nzito, moja nyepesi: CHA-chu, CHA-chu. Alikuwa na haki. Upande mmoja wa pistoni ulikuwa ukipata mvuke mwingi kuliko mwingine.

"Fimbo ya valvu," alisema. "Ifupishe nusu mzunguko wa nati. Lakini si leo, wewe umechoka, utaikaza vibaya."

Kuni zilikwisha muda mfupi baadaye, nikauacha mvuke upungue wenyewe. Nilichukua chaki nikaweka alama kwenye ile nati, nikamwambia mpwa wangu asiiguse, nikaenda kutafuta kipimo cha tepi kwa ajili ya ule mlango.