Mbegu za Mchicha Kabla ya Masika

Katika bustani yetu ya pamoja hapa Morogoro, kila kiangazi tunaacha tuta moja la mchicha bila kulichuma, hata majirani wakiyatamani majani yake, kwa kuwa mmea unaochumwa mara kwa mara hutoa mbegu chache. Masuke yanapokauka na mbegu kuwa nyeusi zenye kung'aa, tunayakata, tunayaanika kivulini juu ya turubai, kisha tunayapukuchua kwa viganja na kuzipepeta mbegu kwa ungo mpaka makapi yaishe. Mwaka jana nilizifungia chupani zikiwa na unyevu, zikaota ukungu, nami niliumia sana. Safari hii nimezikausha vizuri na kuzichanganya na majivu ya kuni, zisubiri mvua za Machi.