Pesa za Maziwa na Jina Lisilofutika

Masomo ya juma: Walawi 6:1–7, Ezekieli 18:1–20, Filemoni 8–22

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili tunaweka kando ya Neno filamu ya mwaka 1986 iitwayo Stand by Me, iliyoongozwa na Rob Reiner kutokana na hadithi ya Stephen King ya mwaka 1982. Ina dakika 89. Wavulana wanne wa miaka 12 hivi wanatoka Castle Rock, mji mdogo wa kubuni huko Oregon, Marekani, mwishoni mwa kiangazi cha 1959. Wanafuata njia ya reli kwa miguu kwenda kutafuta maiti ya kijana wa umri wao anayesemekana kugongwa na treni. Kwa viongozi wa vijana tunatanguliza onyo: ina matusi mengi na uvutaji wa sigara, na kwao Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiitazame bila mtu mzima. Itazameni ninyi kwanza, kisha mchague sehemu za kuwaonyesha vijana.

Mapema katika filamu, Gordie, mmoja wa wavulana hao, yumo chumbani kwa kaka yake Denny, aliyefariki miezi michache nyuma kwa ajali ya gari. Amekwenda kuchukua chupa ya maji ya safari. Baba yake anamkuta humo na kumwuliza kwa nini hana marafiki kama wale wa Denny. Anasema hawa wake ni mwizi mmoja na mapunguani wawili. Gordie anamtetea rafiki yake Chris kuwa si mwizi. Baba anajibu kwamba aliiba pesa za wanafunzi za kununulia maziwa shuleni, basi kwake yeye ni mwizi, na hapo neno limekwisha. Watoto watatu wamehukumiwa kwa pumzi moja na mzee ambaye hajapata kukaa nao.

Ukweli kuhusu pesa hizo unatoka usiku, porini. Chris alizichukua kweli, hakatai. Lakini alijuta, akazirudisha kwa mwalimu wake, Bi Simons. Hata hivyo pesa hazikuonekana tena, Chris akasimamishwa shule siku 3, na wiki iliyofuata mwalimu akaja shuleni na sketi mpya. Hapo Gordie anadakia: ndiyo, ilikuwa ya kahawia, ina madoadoa.

Tusiyapite haraka hayo madoadoa. Chris amekaa na jambo hili peke yake kwa sababu anajua hakuna atakayemsadiki mtoto wa akina Chambers. Baba ni mlevi, kaka ni mhuni, mji mzima umeshakata shauri kwamba naye ataharibika, na yeye mwenyewe ameanza kuamini hivyo. Ndipo rafiki yake anatoa rangi ya sketi. Naye aliiona, kwa hiyo ushahidi sasa una macho mawili zaidi. Chris analia kwa uchungu, anasema anatamani kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayemjua.

Anasema na jingine zito: mwalimu yule asingethubutu kumfanyia hivyo mtoto wa mtaa wa wenye nafasi. Hapa ndipo jina baya linapofanya kazi yake mbaya kuliko zote. Tumezoea kufikiri kwamba likimwuma sana mtoto litamwumiza moyo tu. Kumbe linamfanya awe mtu wa kudhulumiwa bila hofu, kwa kuwa anayemdhulumu anajua kesi imeshaamuliwa. Mtoto anayeitwa kibaka mtaani kwetu, au chokoraa, au mtoto wa mlevi, anaweza kupunjwa ujira, kusingiziwa simu iliyopotea, hata kuguswa vibaya, na akilalamika ataulizwa kwanza yeye ni mtoto wa nani.

Fungueni sasa Walawi 6. Mtu amenyang'anya au amedhulumu. Torati haimpapasi: arudishe kitu kizima, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ileile anapoonekana kuwa na hatia, kisha alete kondoo dume asiye na dosari. Halafu mstari wa 7 unasema atasamehewa. Ona jinsi Bwana alivyoliwekea jambo hili kipimo na mwisho. Castle Rock hawana mstari wa 7. Chris amerudisha, amesimamishwa, amerejea darasani, na bado ni mwizi. Kutaniko linaloimba juu ya damu ya Yesu likiendelea kumwita kijana kwa kosa alilokwisha kulilipa, limekuwa gumu kuliko Torati yenyewe.

Kwa hiyo tuseme kwa vitendo mtoto anaporudisha alichochukua, iwe ni pesa za kwaya, simu ya jirani au michango ya shule.

Apokelewe mbele ya mtu mzima wa pili, siku zote. Kosa lililompata Chris ni kwamba mpokeaji alikuwa mmoja na hapakuwa na maandishi. Pesa zihesabiwe mbele ya mtoto, kiasi na tarehe viandikwe, watu wazima wote wawili watie sahihi, na mtoto abaki na nakala yake. Paulo mwenyewe, alipobeba mchango wa makanisa, hakuubeba peke yake, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:20–21). Kama mtume alijilinda hivyo, mtoto wa miaka 12 alindwe zaidi.

Kilichochukuliwa kiende kwa mwenyewe. Kukitia kwenye kapu la sadaka hakutoshi, maana aliyeibiwa hajalipwa. Ile sehemu ya tano tunaiona ina hekima kubwa kwa malezi: aliyechukua shilingi 10,000 anarudisha 12,000, na zile 2,000 azitafute kwa mkono wake, kwa kufagia, kuchota maji au kuosha vyombo vya sherehe ya kanisa. Mzazi asimlipie. Akilipiwa, deni linahamia kwa mzazi, na kila ugomvi wa nyumbani utalifufua. Kama alichochukua ni kikubwa, alipe kidogokidogo kwa kiasi kilichoandikwa. Kiwango kikimshinda ataiba tena ili alipe.

Kisha patangazwe mwisho, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Shutuma hutolewa mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, msamaha hunong'onwa ofisini. Waliosikia la kwanza ndio wanaopaswa kusikia la pili. Kama kosa lilijulikana na watu watatu, basi watatu hao waambiwe limekwisha, wala lisipandishwe madhabahuni kuwa ushuhuda wa kusisimua ibada. Mtoto si mfano wa mahubiri.

Baada ya muda arudishiwe jambo dogo la kuaminiwa, akiwa na mwenzake: kukusanya vitabu vya nyimbo, baadaye kushika kapu. Kumpa funguo za ofisi siku ya kwanza ili kumwonyesha upendo ni kumjaribu bure, tena kikipotea chochote atakuwa wa kwanza kutajwa.

Teddy, wa tatu kati ya wavulana hao, ana jeraha la namna nyingine. Baba yake, askari wa zamani wa vita, alimshika akalikandamiza sikio lake kwenye jiko la moto hadi likaungua vibaya, na sasa yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Mlinzi wa jalala la vyuma anapomwita baba huyo kichaa, Teddy anataka kuruka uzio ampige, anapiga kelele kwamba baba yake alipigana ufukweni Normandy, Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia. Wengi hushangaa mtoto kumpigania mtu aliyemchoma. Gordie naye anashangaa. Lakini mtoto akisikia baba yake anatukanwa, anasikia ametukanwa yeye, kwa kuwa ametoka kwake na anaogopa atakuwa kama yeye. Hiyo ndiyo mithali ambayo Ezekieli 18 inaipiga marufuku, ile ya baba kula zabibu kali na meno ya watoto kutiwa ganzi. "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake," asema Bwana katika mstari wa 20. Basi mwalimu wa Shule ya Jumapili asimseme baba wa mtoto mbele ya mtoto, hata kama yote ni kweli. Unaweza kusema ulichofanyiwa ni kibaya na hakikuwa kosa lako. Ukome hapo.

Tazameni pia Teddy anavyosimama relini akisubiri treni imkaribie, mpaka Chris anamvuta kwa nguvu. Kijana anayecheza na mauti namna hiyo, iwe kwenye reli, iwe kwenye bodaboda bila breki, tusimalize kwa kumwita mtukutu. Mwulizeni nyumbani kuna nini. Na pakiwa na alama za kipigo au za moto, maombi yaende pamoja na taarifa: ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au namba 116, ambayo Tanzania na Kenya ni simu ya kusaidia watoto. Msiwaite wazazi kuwapatanisha na mtoto kabla ya hatua hiyo. Akirudi nyumbani jioni atalipia alichosema.

Gordie hapigwi. Nyumba yao ina chakula, ina utulivu, na hakuna anayemwona. Katika kumbukumbu moja ya mezani, baba anazungumza mpira tu, na Denny ndiye anayejaribu kuwafanya wazazi wasikilize habari za hadithi aliyoandika mdogo wake. Kwa hiyo siku Denny alipofariki Gordie hakupoteza kaka peke yake, alipoteza msikilizaji wa pekee aliyekuwa naye. Ndotoni anamsikia baba yake akimwambia kaburini kwamba ingepaswa kuwa yeye. Katika misiba yetu tunajua kuwashika mkono wazazi, tunajua kuleta unga na sukari. Mdogo wa marehemu huambiwa ajikaze, awe mwanamume. Jumuiya ichague mtu mmoja wa kumfuata mtoto huyo kwa jina lake baada ya matanga kuanuliwa na tena baada ya arobaini, amwulize mambo yake mwenyewe: shule, michezo, anachokipenda. Asiulizwe kila mara kuhusu marehemu.

Vern, wa nne, ni yule anayechekwa kwa uoga wake. Kila kundi la wavulana lina Vern wake, na viongozi wengi hucheka pamoja na wengine. Msicheke.

Linalotugusa zaidi ni jinsi Chris na Gordie wanavyopeana wanachokosa kwa baba zao. Chris anamwambia mwenzake kwamba kipaji cha kutunga hadithi ni kitu alichopewa na Mungu, na kwamba watoto hupoteza kila kitu wasipokuwa na mtu wa kuwaangalia. Anatamani angekuwa yeye ndiye baba wa Gordie. Ni mtoto wa miaka 12 anayesema hivyo, naye nyumbani kwake anapigwa. Gordie kwa upande wake anamwambia Chris anaweza kuwa chochote anachotaka. Neno hilo lingekuwa jepesi kama lisingefuatwa na kazi: Chris anajiandikisha masomo ya kwenda chuo pamoja na Gordie, yanamwia magumu, anayakaza, na mwishowe anakuwa mwanasheria. Anauawa kwa kisu akijaribu kuamua ugomvi wa watu asiowajua. Castle Rock walimtabiria mambo mengine kabisa.

Onesimo naye alikuwa na jina: mtumwa asiyefaa. Paulo hakumwandikia Filemoni, bwana wake Onesimo, kwamba kijana huyu ana moyo mzuri, basi. Aliandika: "Na kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu." Mstari wa 19 anaongeza kwamba ameandika kwa mkono wake mwenyewe na atalipa. Kumdhamini mtu kuna gharama, na gharama hiyo huandikwa kwa jina la anayedhamini.

Halafu kuna mstari wa 22, ambao huwa tunausoma kama salamu tu. Paulo anaomba aandaliwe mahali pa kukaa. Anataraji kufika, na akifika atamkuta Onesimo humo ndani na kuona anaishije. Ndivyo wadhamini wetu wafanye. Ukimsimamia kijana mbele ya mwalimu mkuu au mwenye duka, weka na siku ya kurudi: baada ya wiki 2, kisha mwisho wa muhula. Nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Msikilize kijana peke yake, kisha msikilize aliyempokea. Ukikuta jina la zamani bado linatumika, zungumza na mwenye kulitumia faragha, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, kabla hujamwambia kijana avumilie.