Nilivyoziba kelele za Probox nikafungia maji ndani ya mlango

Kazi yangu ni kupeleka chakula cha kuku kutoka Kisumu hadi Chavakali na Kakamega, karibu kila siku, na Probox yangu nyuma ni bati tupu, ukipita kwa changarawe hamwezi kusikizana. Mwaka jana nilikuwa nampeleka mama kliniki, anakaa siti ya mbele kando yangu ananiongelesha na simsikii, mpaka siku moja akaniuliza, "Baba, mbona hunijibu?" Hiyo iliniuma sana. Nikaamua naziba hizo kelele mwenyewe.

Zile shiti za butili za magari, raba nzito ya kubandika kwa bati lisitetemeke, nikaona bei ni kali, nikachukua roli ya lami ya kuezekea paa, milimita 3, mita 10, roli yenyewe inapita kilo 30, pamoja na sponji ya godoro kuukuu. Jumamosi moja mwezi wa pili nikafungua milango, nikang'oa ile nailoni iko nyuma ya paneli kwa sababu ilikuwa inanizuia mkono, nikabandika lami kutoka juu mpaka chini kabisa, sponji nikasukuma popote penye nafasi. Kelele zilipungua, sitadanganya. Tulipiga stori na mama mpaka Majengo.

Shida ya kwanza ilikuwa jua. Gari ikishinda nje Kisumu hilo bati linachoma, na lami ya paa haikutengenezewa kukaa imesimama ndani ya mlango, ikalainika ikateremka, kioo cha dereva kikakwama nusu na ndani kukawa na harufu ya barabara mpya. Nikapuuza.

Aprili mvua ikashika. Nikiwa napanda Riat nasikia chubwi chubwi kwa mlango wa kushoto, nikikanyaga breki maji yanakimbia mbele, nikiachilia yanarudi nyuma. Nikaenda kwa fundi wa bodi karibu na Kibuye, mzee mmoja mpole, akainama, akapapasa ukingo wa chini wa mlango kwa kidole, akachukua bisibisi nyembamba akadunga lami. Maji yakaruka, rangi ya chai ya rangi, yakamlowesha viatu na yakaendelea kutoka tu. Akaniambia, "Kijana wangu, mlango wa gari hauzuii maji, unayapitisha." Maji huingia kwa raba ya kioo kila ikinyesha, ile nailoni niliyong'oa ndiyo huyazuia yasiingie kwa kapeti, halafu yanatokea kwa vitundu vya chini. Mimi nilikuwa nimeviziba vyote. Kutu ilikuwa imeanza kwenye pindo la bati.

Lakini kitu iliniogopesha kabisa ni nguzo ya katikati, ile kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Mzee akavuta mkanda wa siti, ukatoka, haukurudi. Sponji yangu ilikuwa imejaa pale mkanda unapojikunja, tena imebana waya yenye plagi ya manjano, na hizo plagi za manjano ni za eabagi, ile mifuko ya hewa, na mitambo ya kukaza mkanda gari ikigongwa, haziguswi kama hujatoa waya ya betri na kungoja dakika kadhaa. Mama alikuwa anafunga mkanda wa upande huo. Na sponji ya godoro ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni sumu, nami niliiweka karibu na waya.

Kutoa ilinichukua siku tatu. Nilikwangua asubuhi mapema lami ikiwa bado ngumu, mabaki nikapangusa na mafuta taa kidogo milango yote ikiwa wazi, nikasugua kutu, nikapaka praima, nailoni mpya nikabandika. Ndio nikanunua butili, kidogo tu, maana huhitaji kufunika bati lote, karibu robo inatosha. Unagonga kwa kifundo cha kidole, pale panapolia kama debe ndipo unabandika, vitundu unaviacha. Nyuma nikatandika mati nzito ya raba, na raba za milango zilizochoka nikabadilisha, hizo zilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kelele bado zipo kiasi, lakini mama namsikia. Na mvua ikiisha huwa nainama kuangalia chini ya milango. Jana nilikuwa nimepaki Kiboswa, yote minne ilikuwa inadondosha.