Kapelo haifuniki masikio

Leo nimempeleka mdogo wangu hospitali ya KCMC hapa Moshi, kliniki ya ngozi. Ana ualbino, anauza ndizi juani kutwa.

Kidonda sikioni, mwezi wa pili hakifungi. Nyumbani tulisingizia wembe wa kinyozi.

Daktari hakuanza na kidonda. Alishika kofia.

"Hii kapelo inakinga paji tu. Masikio na shingo umemwachia nani?"

Dogo akacheka.
Mimi nikainama. Kapelo nilimnunulia mimi, zawadi ya Krismasi.

Wamekata kinyama cha kupima. Madoa mengine yenye magamba wameyagandisha kwa naitrojeni, kimiminika cha baridi kali. Anasema inachoma kama moto, baridi ile!

Tumerudi na Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapo hapo.

Majibu bado.

Wana Moshi, kofia pana, ukingo pande zote, naipata wapi?