Ekseli ya Nyuma Kushoto

Miaka ile ya hekaheka za gesi, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijaanza kazi mwaka 2015, nilikuwa fundi msaidizi wa gari moja la ajabu huko Msimbati, pwani ya kusini. Magurudumu manane, bodi ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kama karai, na propela haina. Majini lilisukumwa na matairi yenyewe, meno yake yakikata maji, na mwendo wake mtu wa miguu ufukweni anauacha. Tulibebea watu na vifaa vya upimaji kwenye vijito vya mikoko.

Shida yake ilikuwa kuvuja. Kila tukivuka kijito tunatoka miguu imelowa hadi vifundoni, pampu ya sakafuni imezidiwa, tunakumba maji kwa kopo. Gari la namna hiyo lina matundu manane ya kupitishia ekseli, na yote huzama likiwa linaelea. Kila tundu lina beringi, sili (pete ya mpira ya kuzuia maji), na nafasi ndogo inayojazwa grisi. Grisi hiyo ndiyo ukuta wenyewe. Nilipiga grisi kila ekseli mpaka ile nyeusi yenye mchanga ikatoka, ikafuata safi. Taratibu, maana ukisukuma kwa pupa sili inafyatuka. Nikabadilisha na mipira ya vizibo vya chini. Bamvua, yale maji makubwa, likaja, tukalowa vilevile.

Jirani yetu pale ufukweni alikuwa mzee fundi wa mashua, akikalafati chombo chake, yaani akiziba nyufa za mbao kwa pamba. Alinitazama weee, kisha akacheka.

"Mjukuu wangu, tundu unalitafutia nje? Litie maji ndani, yenyewe yatakuonyesha njia."

"Babu, bosi ataniua."

"Bosi wako si kaenda mjini?"

Kweli, alikuwa Mtwara. Tukaliinua kwa jeki, tukaliweka juu ya magogo, tukamimina ndoo kwa ndoo za maji ya kisima (ya chumvi yangekula cheni) mpaka yakazifunika ekseli. Tukachutama kuchungulia. Saba kavu kabisa. Ya nyuma kushoto ikadondosha tone, likafuata jingine, halafu yakaanza kuchuruzika.

Nikafungua gurudumu. Mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, ulikuwa umejizungusha kwenye ekseli na kujikaza hadi ukaingia ndani ya mdomo wa sili na kuukata. Kuutoa kulitaka kisu na koleo. Babu akaunyoosha, akauvutavuta kuupima nguvu, akautia mfukoni.

Sili ya akiba tulikuwa nayo. Kuifunga hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kukausha tumbo la gari na kupaka oili cheni zote upya, na hapo ndipo bosi alipoingia.