Nilivyoyatoa masomo yangu ndani ya simu

Simu yangu ilitokana na korosho. Desemba 2022, malipo ya mnada yalipoingia, baba alinikabidhi pesa nikiwa likizo fupi nyumbani Newala. Akasema, "Mwanangu, hii ni ya simu ya kusomea." Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja hapa Mtwara, na baba alikuwa ameona mbali. Bila simu janja unabaki nyuma hata kama umekaa kiti cha mbele, kwa sababu slaidi za mihadhara, mazoezi na hata tangazo la kubadilishwa ukumbi wa testi vyote hupita kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Mwaka wa kwanza nilivuka. Muhula wa kwanza wa mwaka wa pili nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia baada ya kufeli, Takwimu na Saikolojia ya Elimu. Takwimu nilipata 29. Nilimpigia mama kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nakula vizuri. Swali lile lilinichoma kuliko ambavyo ningegombezwa, maana nilikuwa nakula vizuri, nalala vizuri, na kila jioni nilikuwa na "kitabu" mkononi. Majirani wa pale Magomeni ninapopanga wangeweza kuapa kwamba nasoma sana.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafungua slaidi ya Takwimu ndani ya WhatsApp, na kabla sijamaliza ukurasa wa pili ujumbe unashuka kutoka kundi la watu wa nyumbani. Najibu. Nikishajibu naona kuna statasi mpya, naangalia tatu nne. Mojawapo ni kipande cha video, nakifuata kilikotoka. Nikirudi kwenye slaidi naanza tena ukurasa wa kwanza, kwa sababu sikumbuki nilikoishia. Kwenye chumba cha mtihani niliikumbuka rangi ya ile slaidi, nikakumbuka hata kwamba jedwali lilikuwa upande wa kulia. Kilichokuwemo ndani ya jedwali sikukikumbuka. Baadaye nilipoingia kwenye mipangilio ya simu kuangalia matumizi yangu ya siku, nilikuta saa 5 na dakika 40. Nilikuwa nikizihesabu zile saa kama saa za kusoma.

Nilianza na njia ambayo kila mtu huanza nayo. Nilifuta TikTok, na siku ya tatu nikairudisha. Nikajaribu kuzima data wiki nzima, na hapo nikaumia zaidi: testi moja ilihamishiwa ukumbi mwingine, tangazo likatoka kwenye kundi, mimi nikafika nimechelewa dakika 25. Wanaokwambia "achana na simu tu" nadhani hawajasoma chuo cha sasa. Chuo chenyewe kimo ndani ya simu.

Kilichonifumbua macho kilikuja bila mimi kukipanga. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mafuriko yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam kule Somanga. Tukiwa bado tunaongelea magari yaliyokwama, Jumapili ya tarehe 12 intaneti nayo ikapotea. Nilidhani bando langu limeisha. Kumbe ilikuwa hitilafu kwenye nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari, na karibu nchi nzima ilikuwa kama mimi. Kwa siku kadhaa mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na handauti ya Takwimu aliyoichapisha zamani, imechakaa na ina doa la chai. Nikaiazima kwa kukosa la kufanya. Nilikaa nayo mkekani kuanzia alasiri, na adhana ya Magharibi ilinikuta nimemaliza mada nzima na maswali saba nimeyafanya kwenye daftari. Mada ileile ilikuwa imenishinda muhula mzima.

Usiku ule niliwaza sana. Mimi ni yuleyule na somo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba somo lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi haina mlango wa kutokea.

Basi nikaamua kuyatoa masomo ndani ya simu, na simu ibaki na kazi zake. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa napitia makundi yote ya darasa, nakusanya slaidi za wiki, napeleka stationari kuchapisha. Ukurasa ulikuwa shilingi 100, na ukiomba wakupangie slaidi sita kwa ukurasa, muhula haukumalizi. Nilikuwa natumia kati ya 3,000 na 4,000 kwa wiki, pesa ambayo zamani ilikwenda kwenye bando la video. Kisha nikanunua kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti. Hicho kilipokea simu za nyumbani na kufanya miamala, na nikamwomba CR wetu, mwakilishi wa darasa, kwamba tangazo la dharura anitumie kwa meseji ya kawaida. Alikubali, Mungu ambariki, hakuwahi kunisahau.

Shida ikabaki jioni. Simu ikiwa ndani ya begi nilikuwa naiwaza. Kwa kuwa nilikuwa najiandaa na sapu ya Saikolojia ya Elimu, nilikutana na utafiti uliochapishwa 2017 na watu wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Waliwapa watu majaribio ya kufikiri, wengine simu zao zikiwa mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine zikiwa chumba kingine, zote zimezimwa sauti. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zilikuwa chumba kingine. Tafiti nyingine zilizorudia jaribio hilo hazikupata tofauti kubwa kama ile, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba ni sheria. Kwangu ilikuwa hivyo hasa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi bibi mmoja anayeuza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa. Nilimwendea nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Naomba uwe unanitunzia simu kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku." Akaitikia marahaba, akanitazama, akauliza, "Una deni la mtu, mjukuu wangu?" Nilipomweleza yote alikwenda kuiweka ndani ya sanduku la kanga zake na kufunga.

Siku ya kwanza nilirudi kwake saa 2. Akakataa kunipa. "Tulisema saa 4." Na saa 4 ilipofika hakunikabidhi hivi hivi, aliniuliza, "Haya, umesoma nini?" Nikasema nimesoma kumbukumbu. "Kumbukumbu zipi?" Ikabidi nikae kwenye kigoda nimweleze, kwa Kiswahili cha kawaida, jinsi mtu anavyohifadhi jambo akilini na kwa nini hulisahau. Nilikwama katikati. Nikarudi chumbani kuangalia karatasi, nikaja kumalizia.

Ikawa ada. Kila usiku kabla ya simu, maelezo. Na hapa ndipo nilipopata nisichokitafuta. Kwenye handauti ya Saikolojia ya Elimu kulikuwa na kazi ya Roediger na Karpicke ya 2006: wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi ya wale waliorudia kukisoma tu. Bibi hajui majina hayo wala hayahitaji. Alikuwa ananifanyia hivyo hivyo kila siku, akikatiza kila nilipotumia neno gumu: "Hilo sijaelewa, anza upya." Takwimu ndiyo ilitutesa wote wawili. Wastani nilimweleza kwa mafungu yake ya ming'oko, fungu kubwa, fungu dogo, ukiyachanganya na kuyagawa sawa. Sura yake ilipofunguka nilijua na mimi nimeelewa.

Mitihani ya Julai nilifaulu yote. Sapu nilifanya Septemba 2024, Takwimu nikapata 58, Saikolojia ya Elimu 66. Nilimpigia baba mwenyewe kwa kitochi, nikamwambia na habari za mwanzo nilizokuwa nimemficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo bibi anapenda nini.

Msimu wa korosho ulipofika baba alituma kilo tano zilizobanguliwa, pamoja na kanga. Nilizipeleka saa 12 jioni, pamoja na simu. Bibi akaifungua kanga, akalisoma jina la kanga hiyo kwa sauti, akaikunja na kuitia sandukuni juu ya simu yangu. Kisha akaniambia niende nikasome.